Barua 779 ambazo sikuzisoma

Seva yangu ya nyumbani ilinifungia nje Jumamosi moja ya Novemba 2023. Nilikuwa nimepata laptopu mpya, nikahamishia humo funguo zangu za SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kutoka laptopu ya zamani, nikaiita seva kama nilivyozoea, jibu likaja kavu: Permission denied (publickey), yaani ufunguo wako umekataliwa. Nikajaribu tena. Nikalinganisha faili la ufunguo na lile la zamani, herufi kwa herufi. Ufunguo uleule, seva ileile, mwenye seva yuleyule. Wazo lililonijia kwanza lilikuwa baya: kuna mtu ameingia akabadilisha kufuli.

Hapakuwa na mtu. Laptopu mpya ilikuja na OpenSSH, programu ya SSH, ya karibuni, na tangu toleo 8.8, lililotoka Septemba 26, 2021, programu hiyo haikubali tena sahihi (uthibitisho kwamba ufunguo ni wako) za funguo za RSA, aina niliyokuwa nayo, zinazotegemea SHA-1, kanuni ya zamani ya hesabu, isipokuwa uilazimishe. Seva nayo ilikuwa na OpenSSH 6.7, ambayo kwa funguo za RSA haijui kitu kingine zaidi ya hiyo SHA-1. Sahihi mpya zilianza kueleweka kwenye toleo 7.2 la mwaka 2016. Kijana ameapa kutosema lugha ya zamani, mzee hajafundishwa ile mpya. Wakabaki wanatazamana, mimi nje.

Nikavuta skrini ya zamani na kibodi yenye vumbi, nikapiga magoti chini ya meza, nikachomeka, nikaingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Ikanisalimu kwa mstari wake wa siku zote: You have mail, una barua. Mstari huo nimeuona miaka nenda miaka rudi. Ni kama tangazo lililobandikwa ukutani muda mrefu, jicho hulipita bila kulisoma. Nikaupita. Nikaweka ufunguo mpya wa aina ya ed25519, ambao hata ile OpenSSH ya kale inaujua, mlango ukafunguka. Kazi ya dakika ishirini.

Ila nikiwa bado nimepiga magoti pale nilijua kwamba nimefungua mlango tu. Mfumo endeshi wa seva hiyo ulikuwa Debian 8, aina mojawapo ya Linux, ile iliyopewa jina la Jessie. Ilitoka Aprili 2015, nami nikaisakinisha miezi michache baadaye kwa furaha ya mtu aliyejenga nyumba yake ya kwanza. Timu ya usalama ya Debian iliiachia mkono katikati ya 2018, timu ya LTS, inayohudumia matoleo ya zamani, ikaibeba hadi Juni 30, 2020, baada ya hapo kimya. Yaani miaka mitatu na miezi minne ushee bila kiraka cha usalama hata kimoja. Wala si kwamba sikujua. Tarehe ile niliiona ikija, nikaiona ikipita, nikajiambia nitashughulika na jambo hilo nikipata wikendi yenye nafasi. Wikendi ya aina hiyo bado sijakutana nayo.

Niseme ukweli, hoja za kuiacha ilivyo zilikuwa na uzito, na sipendi namna zinavyodharauliwa. Watu wa kompyuta tunalitamka neno "haihudumiwi tena" kwa sauti ya msibani, kana kwamba saa sita usiku wa tarehe ile programu huanza kuoza. Bati la paa hushika kutu, programu haishiki. Seva yangu ilifanya Julai 1, 2020 yaleyale iliyofanya Juni 30: ilitunza picha na hati kwenye diski mbili za terabaiti mbili, kila moja kioo cha mwenzake, na ilizigawa kwa Samba, programu ya kushirikiana mafaili, kwa yeyote aliye nyumbani. Haikuwa na wageni. Ilikaa nyuma ya ruta. Mianya iliyogunduliwa tangu wakati huo ni mingi, lakini ukiisoma mmoja mmoja badala ya kuihesabu tu, mingi haikuhusu.

Nikaisoma kweli, jioni mbili. Januari 2021 ulitangazwa mwanya wa sudo, programu ya kuazima mamlaka ya root, uliopewa jina la Baron Samedit. Ulikuwa umelala ndani ya programu hiyo tangu 2011, karibu miaka kumi, na toleo langu lilikuwamo kwenye orodha. Unamwezesha mtumiaji yeyote wa mashine kuwa root. Sawa, lakini mtumiaji wa mashine yangu ni mimi, na root ni mimi pia. Januari 2022 ukaja mwingine, wa Samba, kwenye moduli ya vfs_fruit inayorahisisha mambo kwa kompyuta za Mac. Huo ni wa hatari kubwa. Mimi moduli hiyo sikuwa nimeiwasha. Nikaendelea hivyo hivyo, nikivuka majina kwa kalamu, na kila nilipovuka moja kiburi kikapanda kidogo.

Kilichokishusha ni habari ya Juni 2021 ambayo niliikumbuka nikiwa tayari nimelala. Western Digital waliwahi kuuza diski za mtandao za nyumbani ziitwazo My Book Live. Masasisho yake ya mwisho yalitoka 2015. Miaka sita baadaye, ndani ya siku chache, watu wengi waliamka wakakuta kila kitu kimefutwa: mtu fulani alikuwa ameziamuru kutoka mbali zijirudishe katika hali ya kiwandani. Kampuni ikawaambia wenye diski hizo wazichomoe kwenye intaneti. Wengi wao walidhani, kama mimi, kwamba wako salama nyuma ya ruta. Lakini kulikuwa na milango iliyofunguliwa kwenye ruta hizo, mingine kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe, mingine na UPnP, ule utaratibu unaoruhusu kifaa kiiombe ruta ikifungulie njia bila kumuuliza mtu.

Nikaamka. Nikaingia kwenye ruta. UPnP ilikuwa imewashwa, na hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni mstari mmoja uliokuwa juu yake: mlango 8080 kutoka nje, moja kwa moja hadi kwenye seva. Nilikaa nikiutazama kama dakika nzima kabla ya kukumbuka. Mwaka 2016 nilitaka dada yangu aone picha za familia akiwa mbali, nikaweka kijitovuti cha albamu kilichoandikwa kwa PHP 5, lugha ya kuandikia tovuti, nikafungua njia, nikamtumia anwani. PHP 5.6 iliacha kupata viraka vya waandishi wake mwishoni mwa 2018. Dirisha hilo lilikuwa wazi kwa dunia nzima kwa miaka saba.

Kulipokucha nikampigia.

"Dada, ile tovuti ya picha bado unaitumia?"

"Tovuti gani, kaka?"

"Ile niliyokutengenezea. Ya albamu."

"Ah! Ile ilinisumbua, kaka, nikaachana nayo kitambo. Mwenzio picha huwa namwomba mama."

Nikaufunga mlango ule, nikazima UPnP, nikapekua kumbukumbu za seva ya wavuti. Kumbukumbu zenyewe zilirudi nyuma wiki chache tu, na zilijaa maombi ya roboti zinazobisha hodi kila mlango wa intaneti zikitafuta kurasa za WordPress na phpMyAdmin, vitu ambavyo mimi sikuwa navyo. Hakuna niliyemwona akiingia. Sisemi hakuna aliyeingia. Nasema sikumwona, na mashine ya namna ile huwezi kuiamini hata inapojitetea, kwa sababu ushahidi wote umo mikononi mwake yenyewe.

Na bado, mlango ukishafungwa, hoja ya kuiacha ilirudi na nguvu zake zote. Sasa ilikuwa kweli haina njia ya nje. Ningeweza kuiacha ikae hivyo hadi diski zife. Niliikaribia sana hatua hiyo, nikawa hata nimeandika sentensi ya kujihalalishia kwenye daftari langu la mambo ya seva. Daftari hilo lilikuwa na kurasa tatu, zote za 2015, na hapo nikagundua kwamba siwezi kutaja yote yanayofanywa na mashine ninayoitetea. Basi nikaamua kabla ya uamuzi wowote nihesabu kilichomo. Nikaanza na amri za kawaida: ss -tlnp kuona milango inayosikiliza, crontab -l kuona kazi za ratiba. Huduma kumi na moja zilikuwa zinaendeshwa. Zenye mtu anayezitumia zilikuwa tatu. Kulikuwa na mtambo wa kuchapisha kwa printa iliyokwisha kutupwa, na hifadhidata ya mradi ambao nisingependa kuueleza.

Na kwenye crontab kulikuwa na skripti ya bekapu. Hii niliikumbuka vizuri, niliijivunia. Kila siku saa nane usiku inachukua mafaili yaliyobadilika, inayafumba kwa nywila, inayatuma kwa curl, programu ya kusafirisha data, kwenye hifadhi ninayolipia mahali pengine, mbali na nyumba. Niliiandika iwe na adabu: mambo yakienda sawa inanyamaza, yakienda vibaya inasema. Inamwambia nani? Inamwambia cron, programu inayoendesha kazi za ratiba, na cron humwandikia barua mwenye kazi, na mwenye kazi ni root, na barua za root hukaa ndani ya seva hiyohiyo kwenye faili moja, /var/mail/root.

You have mail.

Nikalifungua. Barua zilikuwa nyingi hadi kisoma-barua kikachukua muda kupanga orodha. Nikaenda hadi ya mwisho, ya saa nane usiku uliopita. Mstari mmoja: curl: (60) SSL certificate problem: certificate has expired, yaani cheti kimekwisha muda. Ya usiku wa kabla yake, vilevile. Nikaanza kurudi nyuma, nikaruka mwezi, nikaruka mwaka, nikaruka tena. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Oktoba 1, 2021. Nikazihesabu kwa grep: 779.

Cheti cha ile hifadhi, kitambulisho kinachothibitisha kwamba ni yenyewe, hakikuwa kimekwisha muda. Kilikuwa cha Let's Encrypt, watoaji wa vyeti, na kilihuishwa kila baada ya miezi michache kama inavyopaswa. Kilichokufa Septemba 30, 2021 ni cheti mzazi cha zamani kiitwacho DST Root CA X3, ambacho vyeti vya Let's Encrypt vilikuwa vikiegemea ili vikubalike na vifaa vikongwe. Programu mpya ziliona njia hiyo imekatika, zikapita njia ya pili, ya mzazi mpya ISRG Root X1. Seva yangu ilikuwa na OpenSSL 1.0.1, programu inayokagua vyeti, na kizazi hicho cha OpenSSL kina ukaidi wake: hufuata mnyororo kama kilivyokabidhiwa, kikifika kwenye kiungo kilichokufa kinasimama, hakitafuti njia nyingine hata kama ipo miguuni pake. Ikasimama. Ikaniandikia. Usiku uliofuata ikajaribu tena, ikasimama, ikaniandikia tena.

Wiki ileile moja ya Septemba 2021, siku nne zikitenganisha matukio mawili, dunia ilibadilisha namna ya kuamini vyeti na namna ya kuamini funguo za SSH. La pili nililijua kwa sababu lilinigonga usoni. La kwanza lilinila kwa miaka miwili likiwa limenyamaza. Picha zote za kipindi hicho, pamoja na skani za hati za familia, zilikuwa mahali pamoja tu duniani, chini ya meza yangu. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Seva yangu haikuwa hata na huo kimya, ilipiga kelele kila usiku ndani ya chumba nilichokifunga mwenyewe.

Hapo ndipo mabishano yangu yalipokwisha. Nilikuwa nimeliweka swali zima upande wa wezi: je, kuna atakayeingia? Huku kinachoiua mashine ya namna hii mara nyingi ni kwamba majirani zake wanahama mmoja mmoja, wanabadili lugha, nayo inabaki ikizungumza peke yake. Kuizungushia ukuta kungemzuia mwizi, lakini bekapu isingefika popote kwa sababu hiyo.

Kabla ya kugusa chochote nilichomeka diski ya nje nikanakili kila kitu, kisha nikalinganisha nakala na asili kwa sha256sum, usiku kucha. Nikiwa nasubiri nikaziuliza diski zenyewe hali zao kwa smartctl. Zote mbili zilikuwa zimezunguka zaidi ya saa 69,000, karibu miaka minane mfululizo. Moja haikuwa na doa. Ya pili ilikuwa na sekta 24 zilizoharibika na kuhamishwa. Ishirini na nne si nyingi, lakini nilikuwa nimetumia jioni mbili kusoma mianya ya sudo bila kuuliza swali hilo la dakika moja.

Sasa namna ya kuhama. Kwanza nilifikiria kununua sanduku lililo tayari, lenye programu zake, nisijishughulishe tena na mfumo endeshi. Nikakumbuka My Book Live, nikaacha. Njia iliyonivutia ni kupandisha Debian hapohapo ilipo. Debian hairuhusu kuruka ngazi: kutoka 8 unakwenda 9, kisha 10, kisha 11, kisha 12 iliyokuwa imetoka Juni mwaka huo. Ngazi nne. Nilinakili SSD ya mfumo, ile diski yenye mfumo endeshi, nzima kwa dd, nikaiwasha kama mashine pepe, kompyuta ya kuigizwa, ndani ya laptopu, nikaanza kupanda huko ambako nikianguka siumii.

Niliteleza ngazi ya kwanza. Vifurushi vya Jessie havipo tena kwenye seva za kawaida za Debian, vimehamishiwa archive.debian.org, kwa hiyo hata kuanza kulitaka nihariri orodha ya vyanzo kwa mkono. Kufika 9, MySQL ikawa MariaDB na PHP 5 ikawa PHP 7, ambayo imeondoa kabisa zile amri za mysql_ zilizoiendesha albamu ya dada. Albamu ikafa. Hakuna aliyelia. Kufika 11, hazina ya masasisho ya usalama imebadilishiwa muundo wa jina, ukiacha ule wa zamani apt, programu ya kusakinisha vifurushi, inalalamika. Kufika 12, vifurushi vya firmware, programu za ndani ya vifaa, vimehamia sehemu yao mpya, na Python 2 haimo tena. Skripti zangu tatu zilikuwa za Python 2. Nilifika juu, mashine ikawaka, kila kitu kikajibu. Jumla ilichukua siku moja na nusu.

Na nilipofika juu sikuutaka mfumo ule. Nilikuwa nimebeba ngazi nne zote mafaili ya mipangilio ya huduma nane zisizo na mwenyewe, na mashine ambayo ilikaa miaka saba na dirisha wazi. Kupandisha mfumo unaoushuku ni kuusafirisha ulivyo. Zoezi lile halikupotea lakini. Lilinionyesha nini kinavunjika na kwa nini, na nisingeyajua hayo kwa kukaa na daftari. Nikaifuta mashine pepe, nikanunua SSD mpya, nikachomoa ile ya zamani nikaifunga kwa utepe wenye tarehe, nikasakinisha Debian 12 upya kutoka sifuri.

Lililonitia hofu kuliko yote, zile diski mbili, ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote. RAID, ule mpango wa diski kuwa kioo cha mwenzake, inayoendeshwa na programu ya mdadm, huandika maelezo yake kwenye diski zenyewe, si kwenye mfumo endeshi. Nilichomeka, nikaandika mdadm --assemble --scan, zikajitambua na kushikana mikono.

Kisha nikakuta mafaili yangu yote si yangu. Linux haikumbuki jina la mwenye faili, hukumbuka namba. Kwenye seva ya zamani mimi nilikuwa mtumiaji 1001, kwa sababu 1000 ilikuwa ya akaunti niliyoifanyia majaribio siku ya kwanza mwaka 2015. Kwenye mfumo mpya nilikuwa 1000. Kwa saa nzima nilihangaika na Samba nikiilaumu kwa kukataa kuandika, kumbe ilikuwa inalinda mafaili ya mtu 1001 dhidi yangu. Ilikuwa sahihi kabisa. Nilibadilisha namba yangu, si za mafaili. Ni rahisi zaidi, na kama kuna nakala mahali zitaendelea kulingana.

Huduma tatu zikarudi. Nane sikuzirudisha, na hadi naandika hapa hakuna aliyeniuliza habari zake. Skripti ya bekapu niliiandika upya, na safari hii inasema pande zote mbili: ikishindwa inaniandikia, ikifaulu inaniandikia pia, mstari mmoja wenye idadi ya mafaili. Barua za root hazikai tena ndani ya seva, zinakuja kwenye simu yangu. Nilitumia muda mrefu kujaribisha hilo kuliko kusakinisha mfumo wenyewe. Nilikata mtandao makusudi, nikaharibu nywila makusudi, nikasubiri kuona kama italalamika. Na kwenye kalenda nimeandika Juni 2028, mwisho wa LTS ya Debian 12, na miezi sita kabla yake nimeandika: anza.

Kwa siku kumi na moja nilipata barua za kufaulu, nikaanza kuzipita kwa jicho lilelile la zamani. Ya kumi na mbili ilikuwa na kichwa tofauti: Fail event on /dev/md0. Ni ile diski yenye sekta 24. Ilikuwa imejitoa usiku saa tisa, mwenzake akabaki amebeba peke yake. Mpya niliyoinunua pamoja na SSD ilikuwa bado ndani ya boksi lake, juu ya meza. Nikapiga magoti chini, nikalinganisha namba iliyoandikwa kwenye diski na ile ya diski iliyokufa mara tatu, maana kuchomoa iliyo hai ndilo kosa la kawaida kwa wenye haraka, nikabadilisha. Ujenzi upya wa kioo ulichukua saa tano. Nilikaa karibu nao nikitazama asilimia zikipanda.